Sare iliyokunjwa: mtoto niliyempeleka kwa familia ya kulea, nitajuaje yuko salama?

Mjitolea_Nakivale

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Uzi huu ni mrefu kidogo, anayewahi mpira apite tu.

Mimi ni mkimbizi kama wengi wenu humu. Nimetokea upande wa Masisi, mashariki mwa Kongo, niko makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tangu 2013. Ninajitolea kwenye shirika moja, idara ya ulinzi wa watoto. Cheo sina, nina fulana ya shirika na buti za mpira. Kazi yangu ni kuwatembelea watoto waliofika bila wazazi, wale tuliowaweka kwenye familia za kulea. Wengi waliingilia mpaka wa Bunagana, wakalala kituo cha mapokezi cha Nyakabande siku kadhaa, kisha wakapakiwa basi mpaka huku kwetu.

Nina fomu ya kurasa nne. Imejaa visanduku. Mtoto anakula mara ngapi, ana godoro, ana nguo, ameandikishwa shule, ana alama za kupigwa, anaumwa? Mwezi uliopita nilimtembelea binti wa miaka 12. Zoni sitaitaja. Anakaa kwa mama mmoja aliyemjua mama yake mzazi huko nyumbani. Mama mchangamfu, nyumba imefagiwa, nikapewa uji. Nilijaza fomu yote, kila kisanduku kikaenda mahali pake, nikaaga.

Niko njiani kuna kitu kikaanza kunisumbua. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kufua. Kwenye kamba zilining'inia sare tatu za watoto wa yule mama, zinachuruzika maji. Sare ya binti niliioneshwa ndani, imekunjwa safi kabisa, na ile mistari ya mkunjo wa dukani bado ipo. Sare hiyo nilimkabidhi mwenyewe Februari, muhula wa kwanza ulipofunguliwa. Siku hiyo ilikuwa Juni.

Nani anavaa sare miezi minne haijaguswa na sabuni?

Nikamwambia msimamizi wangu. Akaichukua fomu, akaipitia, akasema, "Mbona hapa umeandika yuko salama?" Na kweli ni mwandiko wangu.

Swali langu: nimwondoe? Na ninyi wenye uzoefu, huwa mnatazama nini mkiingia nyumba ya watu?

Boda_wa_Kabingo

Mwondoe leo leo. Mimi napita makazi hayo kila siku na abiria, naona vitoto na jerikeni ya lita ishirini saa nne asubuhi, wenzao wako darasani. Huyo kageuzwa kijakazi. Kwisha habari.

Mama_wa_Rwamwanja

Ukimwondoa utampeleka wapi, kaka Boda? Kwako?

Boda_wa_Kabingo

Mama, mimi nalala chumba kimoja na pikipiki.

Afande_Mstaafu

Kijana, taratibu. Nimevaa magwanda ya polisi miaka 22, tisa ya mwisho nikiwa kitengo cha ulinzi wa watoto na familia. Nakuandikia kama mtu aliyewahi kukosea mambo haya.

Kosa lenyewe ni kuchanganya vitu viwili. Kuna hatari iliyopo sasa, ile inayokufanya usithubutu kumwacha mtoto alale pale usiku huu. Na kuna mambo yatakayomharibia maisha polepole yasiporekebishwa. La kwanza linataka uamuzi kabla jua halijazama. La pili linataka vikao, kurudi na kurudi tena, na moyo wa subira. Mtoto kutokwenda shule ni jambo la kundi la pili, na ukimng'oa mtoto kwa sababu hiyo peke yake unaweza kumpa jeraha kubwa kuliko ulilokuta.

Lakini hapa tega sikio. Jambo la pili mara nyingi ni moshi wa la kwanza. Mtoto anayebakizwa nyumbani mchana kutwa, anabaki na nani?

Fomu yako haiulizi hilo kwa sababu inahesabu vitu. Godoro lipo, sawa, na upande wa pili wa godoro analala nani? Chakula kipo, anakula na wenzake au anakula wakimaliza? Mimi nilikuwa napima kichwani tu. Kwanza, humu ndani kuna nini au kuna nani anayeweza kumdhuru. Halafu namtazama mtoto mwenyewe, ana nguvu gani ya kujitetea: umri wake, kama ana ulemavu, kama anaijua lugha ya majirani, kama yupo mtu mmoja nje ya nyumba ile anayeweza kumkimbilia. Mwisho mlezi. Anaiona hatari? Akiiona, anaweza kuizuia, au ananyamaza kwa kuwa hiyo hatari ndiyo inayoleta sukari nyumbani? Nimekuta nyumba yenye mlevi mwenye fujo na mtoto yuko salama salimini, kwa sababu bibi wa nyumba ile, kipofu, alikuwa analala mlangoni na fimbo. Na nimekuta nyumba ya vigae.

Mnakumbuka kesi ya Kampala mwishoni mwa 2022, mume na mke Wamarekani walioshtakiwa kwa kumtesa mtoto wa miaka 10 waliyekuwa wanamlea? Aliyekwenda polisi ni mfanyakazi wa mle ndani. Nyumba kama ile nani angeingia na fomu kuuliza godoro?

Shemeji_wa_Bombo

Afande akiandika hivi hata mimi najikuta nimekaa wima.

Probesheni_Magharibi

Mimi ni afisa wa probesheni wa wilaya, yaani ninayesimamia ustawi wa watoto, sitataja wilaya ipi. Naongeza kwa Afande.

Watu wanadhani kazi huisha siku mtoto anapokabidhiwa, picha ikapigwa, kila mtu akapiga makofi. Hapana. Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Uganda iliuridhia 1990, kinampa mtoto aliyewekwa kwa watu wengine haki ya kupitiwa upya mara kwa mara. Anatendewaje, na zile sababu zilizomfanya awekwe pale bado zipo? Ndiyo maana hata amri ya malezi inayotolewa na korti ya familia na watoto hapa kwetu ina kikomo, haizidi miaka mitatu. Usalama hauthibitishwi mara moja ukabaki hivyo kama cheti cha ubatizo. Nyumba hubadilika. Baba anarudi, mpangaji anaingia, mama anajifungua, biashara inakufa. Kila badiliko kama hilo, tathmini ya zamani itupe, anza upya.

Hiyo ndiyo sheria. Ukweli wa ofisini kwangu ni msaidizi mmoja na pikipiki isiyo na mafuta tangu Machi. Kwa hiyo mtu kama wewe mwenye buti za mpira ndiye macho yangu.

Sasa kuhusu binti. Ulizungumza naye peke yake?

Mjitolea_Nakivale

Mama alikuwepo. Nilimuuliza binti, "Unaishi vizuri hapa?" Akasema ndiyo.

Probesheni_Magharibi

Angesema nini kingine, kaka? Mlezi yuko hapo, mgeni ana kalamu mkononi, na yeye anajua usiku wa leo atalala kwa nani.

Nenda siku ambayo hujaaga. Jumatano mchana, au saa kumi na mbili jioni watu wanapoanza kurudi. Nenda na mwanamke. Huyo mwenzako amsindikize binti kisimani, wakitembea, bila karatasi. Mtoto akitembea bega kwa bega na mtu husema mambo ambayo hasemi akikaliwa uso kwa uso. Wala asiulize "unateswa?" Aulize jana. Jana nani aliamka wa kwanza? Nani alipika? Mchana ulikuwa na nani? Giza lilipoingia kila mtu alilala wapi, nioneshe kwa vijiti hapa chini. Mtoto akichora chumba kwa vijiti unajua nyumba nzima.

Na asimwahidi siri. Asiseme "sitamwambia mtu yeyote." Amwambie, "Ukiniambia kitu kinachokuumiza nitawaambia watu wachache sana, na nitakueleza ni nani kabla sijawaambia."

Nawe mjitolea omba daftari lake. Angalia tarehe ya mwisho.

Mama_wa_Rwamwanja

Naomba na mimi niseme, maana naona tumekwisha kumhukumu mwanamke ambaye hayumo humu kujitetea.

Mimi nina watoto watano. Wawili si wa tumbo langu. Niliwachukua kwa sababu nilikuta wanalia kwenye foleni ya kuandikishwa, hakuna aliyenilazimisha. Nilisaini karatasi kwamba nitawalea kama wangu. Vizuri. Toka siku hiyo wamekuja wageni sijui mara ngapi na fomu zao. Wote wanafungua pazia langu, wanaangalia vyungu vyangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza, "Mama, wewe unalala?" Tangu WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, waanze kutugawa makundi mwaka 2023, makundi ya wanaopata zaidi na wanaopata kidogo na wasiopata kabisa, posho ya nyumbani kwangu haifiki nusu mwezi. Mtoto wa kulea analia njaa na wangu analia njaa, kilio ni kimoja.

Ada na daftari, mbegu, sabuni, vyote vinatoka kwangu. Halafu siku moja mkubwa kabaki nyumbani kumshika mdogo mgonjwa ili mimi nikalime kwa watu nipate elfu tano, mjitolea anakuja anaandika "anatumikishwa".

Lakini nitasema na upande wa pili, kwa sababu namwogopa Mungu. Wapo wanaochukua mtoto ili idadi iongezeke kwenye karatasi ya familia. Nawajua. Wanakopa mtoto siku ya kuhakikiwa. Ukitaka kuwajua hao usiangalie godoro. Muulize mama mtoto huyu hapendi chakula gani, au akiota ndoto mbaya anaitaje. Mimi wangu mmoja hali maharage yaliyolala, na mwingine usiku anaita jina la dada yake aliyebaki Rutshuru. Anayelea anajua. Anayehesabu hajui.

Boda_wa_Kabingo

Mama nisamehe. Nilikurupuka.

Nilikulia_Humo

Nimesoma kimya kimya tangu jana. Nina miaka 27. Mimi sikuwa kwenye familia ya kulea, nilikuwa kwenye makao ya watoto wilaya ya Wakiso, kuanzia miaka 6 mpaka 17. Jina la makao haliwasaidii.

Sikuwa yatima. Baba alikuwa hai Mityana. Alikuja mtu akamwambia kuna shule ya bure. Wengi mle tulikuwa hivyo, mna wazazi lakini mnaitwa yatima kwa sababu yatima ndiye anayechangiwa. Mchezo huu ulifika mbali: Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wakili mmoja katika sakata la watoto waliotolewa kwa wazazi wao vijijini na kupelekwa Marekani kuasiliwa. Wazazi waliambiwa ni masomo Kampala. Kwa hiyo tathmini ya kwanza, kabla ya godoro na chakula, ni hii: huyu mtoto anafanya nini hapa? Nyumbani kwao hakuna mtu?

Kuhusu wakaguzi. Walikuja. Siku moja kabla tulijua, kwa sababu nyama ilinunuliwa. Tulivalishwa soksi. Tuliambiwa nyimbo mbili za kuimba. Mkaguzi akiuliza swali anajibu Uncle, ndivyo tulivyowaita walezi wa kiume. Mara moja tu, mama mmoja mfupi mwenye mkoba wa kahawia alisema anataka kwenda chooni, akaenda upande wa jikoni, akamkuta mpishi. Walikaa huko nusu saa. Wiki ile ile Uncle mmoja wa zamu ya usiku aliondoka na hatukumwona tena. Sijawahi kujua waliongea nini. Ila mpishi alikuwa anajua kila kitu, na miaka yote hakuna aliyemuuliza.

Halafu Mjitolea, hili la kumwondoa. Rafiki yangu alihamishwa makao manne ndani ya miaka mitano, kila mara "kwa usalama wake". Kila alipofika alianza kujifunza upya nani anapiga na nani hapigi. Alipofika la nne aliacha kuongea. Mkamwandika mtulivu.

Afande_Mstaafu

Hapo pa mtulivu papigiwe mstari. Mtoto anayekimbilia kila mgeni na kumkumbatia, na mtoto asiyesumbua mtu yeyote, wote wawili niliwatilia shaka zaidi ya mkorofi. Mkorofi bado anaamini kuna mtu atamsikia.

Shemeji_wa_Bombo

Lakini jamani, sisi tulilelewa kwa shangazi na wajomba bila fomu na tuko hapa. Afrika hatukuwa na probesheni.

Nilikulia_Humo

Uko hapa wewe, shemeji. Wahenga walisema yatima hadeki. Waliosema hivyo walikuwa wanaona kinachotendeka kwa mashangazi.

Mjitolea_Nakivale

Ndugu zangu, nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku tisa.

Nilikwenda Jumatano saa nane mchana, na dada mmoja wa shirika. Mama alikuwa shambani kwa watu. Binti alikuwa nyumbani na mtoto mchanga wa yule mama mgongoni. Huyo mchanga kazaliwa Aprili. Mimi sikumwandika popote kwa sababu fomu haina kisanduku cha mtoto mchanga wa mlezi. Daftari la binti, tarehe ya mwisho ni 17 Aprili. Basi hapo nikajua suala la sare, na nikakumbuka maneno ya Mama wa Rwamwanja, nikaona aibu kidogo.

Laiti ingeishia hapo.

Dada aliondoka na binti kwenda majini. Walikaa karibu saa nzima. Walichora chumba kwa vijiti kama Probesheni alivyosema. Kulikuwa na kijiti kimoja ambacho hatukukijua. Ni kaka wa mama, alikuja kutoka Kampala mwezi wa tano kutafuta kazi, hajapata. Analala chumba kile kile cha watoto, wamegawa kwa leso. Mchana mama akienda kulima, yeye yupo.

Binti hakusema kwamba amefanywa kitu. Dada hakumshinikiza. Alisema tu kwamba huyo mjomba hampendi, kisha akasema siku hizi analala na viatu.

Dada akamuuliza kwa nini. Akasema, "Ili nisichelewe."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Afande_Mstaafu

Sasa hii ndiyo ya kabla jua halijazama.

Usimhoji tena mtoto wewe. Ukimuuliza mara tano, akifika kwa anayepaswa kumuuliza atakuwa ameshachoka na maneno yake yamechanganyika na yako. Mwambie msimamizi leo, kwa maandishi. Kama kuna lolote limetokea au mkilishuku, kituo cha afya kabla saa 72 hazijapita, maana dawa za kuzuia VVU baada ya hapo hazisaidii, na asibadilishwe nguo wala kuogeshwa kwanza. Kumwingilia mtoto wa chini ya miaka 14 sheria ya Uganda inakuita unajisi mzito, huko ni Mahakama Kuu, si kikao cha wazee na mbuzi wa fidia. Msimamizi akikuzungusha, piga 116, namba ya msaada kwa watoto. Haina malipo.

Probesheni_Magharibi

Na kabla hujamng'oa binti, jiulize: kwa nini aondoke yeye? Hatari ina miguu yake. Iondoke hatari.

Mjitolea_Nakivale

Ndivyo tulivyofanya, nimechelewa kuandika tu. Jioni ile ile nilimpigia msimamizi, safari hii hakuuliza fomu. Kesho yake alfajiri alikuja yeye, dada, polisi mwanamke, na katibu wa watoto wa baraza la wakimbizi. Usiku ule binti alilala kwa jirani, mama mzee ambaye binti mwenyewe alimtaja alipoulizwa angependa kulala wapi.

Mama mlezi alilia sana. Kwanza alikasirika, akasema tunaharibu jina la familia yake. Kisha akanyamaza muda mrefu, akasema, "Na mimi nilikuwa nasikia mlango." Hakuongeza neno. Daktari alimwona binti, hakukuta jeraha. Polisi wana maelezo ya kaka mtu, amehamia kwa jamaa zoni ya Juru na ameambiwa asikanyage pale.

Binti kaulizwa anataka kuhama? Kasema hapana, anataka kubaki na mama na yule mchanga, ila pazia lishonwe. Shirika limekubali kumpa mama sabuni na unga miezi mitatu ili asilazimike kumbakiza mtoto nyumbani.

Mama_wa_Rwamwanja

Mungu ambariki huyo mama. Kuambiwa hivyo mbele ya watu kuhusu ndugu yako wa damu, na bado umchague mtoto usiyemzaa. Mnaandikia wapi hilo kwenye fomu yenu?

Afande_Mstaafu

Vizuri. Lakini mpango unaosimama juu ya ahadi ya mtu mmoja haujawa mpango. "Asikanyage pale" nani anaangalia? Nani anapita usiku? Huyo mama akiishiwa unga hiyo miezi mitatu ikipita, ndugu atarudi na mfuko wa sukari, na atafunguliwa.

Mjitolea_Nakivale

Yule mama mzee jirani ana ufunguo wa nyumba na simu ya dada. Katibu wa watoto anapita siku za soko. Mimi napita bila kuaga.

Jana nilipita saa kumi na mbili unusu. Sare ilikuwa kwenye kamba na za wenzake, ina doa la tope kwenye pindo. Binti alikuwa anambembeleza mchanga, akanionesha daftari kabla sijaliomba. Viatu sikuuliza.

Probesheni_Magharibi

Dada amuulize. Si wewe.

Mjitolea_Nakivale

Anakwenda Alhamisi.